NYOTA ZA WAGENI: TUANZE NA MTANDAO UPI?

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha wa shehia zetu,
Wageni waalikwa na nyote mnaotuunga mkono,
Wanachama wenzangu,
Mabibi na mabwana,



Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima hata tukaifikia siku hii, ambayo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatimiza miaka 10. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hatunao. Tunawaombea malazi mema peponi, na watoto wao waliokaa hapa mbele wajue kwamba jasho la mama zao limo ndani ya sanduku hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho ameshazieleza Katibu katika risala yake, na mimi sitazirejea. Mimi nimeombwa na kamati niseme juu ya jambo moja tu, jambo ambalo kwa miezi mingi limetuchukulia nusu ya kila mkutano wetu wa Jumamosi. Jambo lenyewe ni hizi nyota na maoni ya wageni katika mitandao. Elimu yangu ni ya msingi, kwa hivyo nitasema kama tunavyosema tukiwa tumekaa kwenye mkeka, na mwenye kujua zaidi atanisahihisha kwa wema.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu Unguja maneno hayo ni kweli ya kila siku. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wageni wamezidi kumiminika. Maradhi ya korona ya mwaka 2020 yaliturejesha nyuma sana, lakini wageni wakarudi, na mwaka 2024 walioingia Zanzibar walipindukia laki saba. Wapo wanaokwenda Nungwi na Kendwa, wapo wanaokwenda Paje na Jambiani, wapo wanaokuja kuona kima punju Jozani, na wengi wao hupitia mjini siku moja au mbili.

Na sisi tumo humo. Katika kikundi hichi wamo wenye vyumba vya kulaza wageni, wamo wapishi wa pweza wa nazi na mkate wa kumimina, wamo wapaka hina na piko, wamo wanaosuka mikoba ya ukili, wamo wanaotengeneza sabuni za mwani, na wamo wenye mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi wanaotembeza wageni.

Zamani mgeni alijuaje nyumba nzuri ya kulala? Alikuwa na kitabu cha wasafiri mkononi, na mwandishi wa kitabu hicho akipita kwetu mara moja kwa miaka kadhaa. Ukimkosa, umekosa. Au alishikwa mkono na papasi tangu bandarini Malindi, akapelekwa kule papasi anakopata chake. Mwanamke mwenye vyumba vitatu kwenye kichochoro cha ndani hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Leo mgeni anashika simu. Anasoma walioandika wageni waliomtangulia, anahesabu nyota, kisha ndiyo anakwenda. Hapo mlango umefunguka hata kwa mwenye biashara ndogo, na hilo ni jema. Lakini kumezuka mtihani mwengine. Mitandao ni mingi. Huyu anakuja na Google, huyu na TripAdvisor, huyu na Booking.com, huyu mjukuu wake kamwambia Airbnb. Kila mmoja anataka picha, anataka majibu, anataka uangaliwe kila siku. Mama anapika, anafua mashuka, anakwenda sokoni Darajani, analea wajukuu. Saa ya kuangalia mitandao mitano ataipata wapi? Mshika mbili, moja humponyoka. Ndiyo maana nasema swali letu leo ni kuchagua tu: tuanze na upi?

MITANDAO YENYEWE

Nitaitaja kwa ufupi, ili tuwe tunazungumza kitu kimoja.

Google tunaijua kwa ramani yake. Biashara yako inawekwa alama kwenye ramani, na mgeni anaona jina, saa za kufungua, namba ya simu, picha na nyota kuanzia moja hadi tano. Kujiandikisha ni bure. Wanataka kuhakikisha kwamba biashara ipo kweli, na siku hizi mara nyingi wanakutaka uipige video ukionesha njia, kibao na ndani. Uzuri wake ni kuwa anaitumia kila mtu, mzungu, Mtanzania kutoka Dar es Salaam, na hata watoto wetu. Ubaya wake ni kuwa mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika, hata kama hajakanyaga kwako.

TripAdvisor ilianza Marekani mwaka 2000. Huu ni mtandao wa wasafiri khasa, na unazipanga hoteli, mikahawa na ziara za mahali pamoja kwa orodha, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Wenyewe wanasema orodha inatazama mambo matatu: uzuri wa maoni, upya wake na wingi wake. Kuwemo ni bure. Nao wanamiliki Viator, mtandao wa kuuza ziara, tangu mwaka 2014.

Booking.com ilianzia Uholanzi mwaka 1996. Wao wanauza malazi. Alama zao ni kwa kumi. Hapo haandiki mtu ila aliyeweka nafasi kupitia kwao, kwa hivyo maoni yao yana uzito. Lakini si bure. Kamisheni yao huwa kiasi cha asilimia 15, na mara nyengine zaidi. Chumba cha shilingi 100,000, basi 15,000 si yako. Lazima uihesabu kabla hujapanga bei, siyo baada.

Airbnb ilianza California mwaka 2008, kwa watu wanaokodisha chumba ndani ya nyumba yao. Hapo mgeni anakuandika na wewe unamuandika mgeni. Kila mmoja ana siku 14, na hakuna anayeona la mwenzake mpaka wote wawili wameandika au muda umekwisha. Nao pia wana makato yao.

Iko mengine. GetYourGuide ni ya ziara, na kamisheni yake pia si ndogo. Yelp ina nguvu huko Marekani, Trustpilot ya Denmark inafaa maduka ya mtandaoni, lakini hizo mbili si za kutupotezea sisi usiku. Facebook, Instagram na WhatsApp ni nzuri kwa picha na kwa kuzungumza na mteja, lakini mgeni haendi huko kutafuta nyota.

MGENI ANAAMUA AKIWA WAPI?

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tukae. Wengi huuliza, mtandao gani mkubwa? Mimi naona swali hilo halitusaidii. Tuulize hivi: mgeni wangu anapoamua kuja kwangu, anakuwa wapi, na imebaki muda gani?

Tumchukue mwenye vyumba vya kulaza. Mgeni wake ameamua yuko kwao, Poland au Italia au Ujerumani, miezi miwili kabla ya safari. Hajui Shangani wala Kiponda. Hatapita mbele ya mlango wako akakuona. Huyo utampata Booking.com, na kama unakodisha chumba kimoja ndani ya nyumba unayokaa mwenyewe, Airbnb. Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako zote kwanza. Google iwe ya pili, kwa sababu mgeni akishafika ataitumia kuutafuta mlango wako.

Tumchukue muuza chakula. Mgeni wake anaamua akiwa na njaa, yupo Mkunazini, amesimama njia panda, na imebaki dakika kumi. Huyo hafungui Booking.com. Anafungua ramani, anaandika chakula, anatazama kilicho karibu na chenye nyota nzuri. Kwa muuza chakula, Google ni ya kwanza bila ya ubishi. TripAdvisor ni ya pili, kwani wako wageni wanaosoma orodha ya mikahawa usiku wakiwa hotelini.

Na hapa niseme kitu kuhusu vichochoro vyetu. Mji Mkongwe hata mwenyeji hupotea. Alama ya ramani ikikaa nyuma ya ukuta usio wako, mgeni atazunguka msikiti mara tatu kisha atakula kwa mwengine, na pengine akuandikie nyota moja kwa hasira. Kwa hivyo kabla ya kutafuta nyota, hakikisha alama imekaa mlangoni. Tangu kazi ya anwani za makazi ilipofanywa mwaka 2022 nyumba nyingi zimepata namba na njia zimepata majina, basi tuyatumie. Ongeza na picha ya mlango wako na ya kitu kinachoonekana, duka la jirani, baraza, mti. Wageni wanashukuru sana kwa hilo.

Tumchukue mwenye ziara ya shamba la viungo. Mgeni wake anaamua ama kwao kabla ya safari, ama usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wengi wao wanasoma TripAdvisor, kwa sababu kule wageni huandika kwa urefu, nani alitutembeza, tulionja nini, chakula kilikuwaje. Ziara inauzwa na hadithi, na TripAdvisor ni mahali pa hadithi. Hiyo iwe ya kwanza, na Google ya pili kwa ajili ya njia. Viator na GetYourGuide waingie baadaye, mtu akishajua hesabu ya makato. Na bila ya leseni ya Kamisheni ya Utalii asianze kabisa.

Wapaka hina wengi wanapata wageni kwa kuonekana, na kwa kuitwa na hoteli. Kwao picha safi za kazi zao ni kubwa kuliko nyota. Kama una mahali maalumu pa kukaa, jiandikishe Google. Kama unakwenda kwa mteja, shughulika na hoteli na WhatsApp, na usihangaike.

Watengenezaji wa sabuni za mwani nao wako namna mbili. Mwenye chumba cha kazi Paje au Jambiani ambacho wageni wanakuja kutazama, huyo anahitaji Google na TripAdvisor. Anayepeleka sabuni madukani hana haja ya nyota yoyote. Mteja wake ni mwenye duka, na mwenye duka anataka mzigo ufike kwa wakati na uzito uwe sawa.

Na yupo mwenzetu anayeuza mandazi na bajia kwa majirani, au kanga pale Darajani. Mama, wateja wako wanakujua kwa jina. Maoni yao wanakuambia usoni! Usichukue mkopo kwa sababu umesikia wenzako wana nyota.

Kwa hivyo kanuni tuliyokubaliana kwenye kamati ni nyepesi. Kila biashara iwe na mtandao mmoja wa kwanza na mmoja wa pili, basi. Wa kwanza unauangalia kila siku, wa pili mara moja kwa wiki. Ukurasa mmoja wenye saa sahihi, bei sahihi na majibu ni bora kuliko kurasa tano zilizolala.

Nikitaja saa, nakumbusha Ramadhani. Mkahawa unaofunga mchana mwezi mzima, na kwenye ramani imeandikwa wazi, mgeni atakuja juani, atakuta kufuli, na atakuandika. Kubadilisha saa ni kazi ya dakika mbili. Tuifanye Shaabani kabla mwezi haujaandama, na tuirudishe baada ya Idi. Na miezi ya masika, wa nne na wa tano, wageni wakipungua, ndiyo wakati wa kupiga picha mpya na kurekebisha maelezo.

NYOTA ZA KUNUNUA

Sasa nakuja kwenye jambo lililotugawa, na sitaki kulificha mbele ya wageni.

Mwaka huu baadhi ya wanachama wamefuatwa na watu wanaouza nyota. Wanasema, toa pesa, tutakuandikia maoni hamsini mazuri, wiki ijayo uko juu. Na wako waliokuja mbele ya kamati kuomba mkopo wa kazi hiyo.

Nataka niwatendee haki wenzetu hao, kwani hawakuwa na nia mbaya. Walisema hivi: hoteli kubwa zina vijana wanaolipwa mshahara kuangalia mitandao, sisi hatuna. Mgeni akiona biashara haina maoni hata moja, haji. Asipokuja, hapati wa kuandika. Basi atupe mtu pa kuanzia tu, halafu tutaendelea kwa haki. Maneno haya yana uchungu ndani yake, na ni kweli kwamba mwanzo ndio mgumu.

Lakini tuyatazame mambo. Google na TripAdvisor wote wanakataza maoni ya kulipiwa. Hata kumpa mgeni soda ya bure au kumpunguzia bei ili aandike vizuri imekatazwa. Wakigundua wanafuta, na TripAdvisor wanaweza kubandika tangazo jekundu kwenye ukurasa wako kuwaonya wasomaji. Marekani walitoa kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo, ikaanza kazi Oktoba 2024, na Uingereza nayo ikafuata kwa sheria mwezi wa Aprili 2025. Dunia inaelekea huko.

Kuna kisa kilichotokea London. Mwandishi kijana, Oobah Butler, aliyewahi kulipwa kuandika maoni ya uongo, mwaka 2017 alikiandikisha kibanda cha uani kwao huko Dulwich kama mkahawa katika TripAdvisor. Mkahawa haukuwepo. Marafiki zake wakaandika sifa, na mwezi wa Novemba mwaka huo kibanda kikawa cha kwanza katika mikahawa yote ya London. Watu wakawa wanapiga simu wanaomba nafasi. Wengine wakisikia kisa hiki wanacheka na kusema, basi kumbe inawezekana! Ndiyo, inawezekana. Lakini yeye alitaka kuonesha udhaifu wa mtandao, hakuwa na biashara ya kulinda. Wewe una mlango, una jina, una majirani. Mgeni aliyeletwa na sifa hamsini za uongo atafika, atalala, atakula, na ataandika aliyoyaona. Kadiri alivyosifiwa uongo ndivyo hasira yake itakavyokuwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena sisi ni kikundi. Sanduku letu limesimama miaka 10 kwa sababu kila shilingi inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Mtu anayepunja kipimo cha mchele sokoni tunamjua anaitwaje. Nyota ya kununua ni kipimo kilichopunjwa. Kamati imeamua, na leo nasema hadharani, fedha za sanduku hili hazitakopeshwa kununua maoni. Anayetaka mkopo wa tangi la maji, mashuka mapya, jiko, kibao cha bei, taa ya kichochoroni, aje. Hivyo ndivyo vinavyoleta nyota.

Na jawabu la mwanzo mgumu ni kuomba. Mgeni akimaliza kula, akiwa bado anatabasamu, mwambie kwa adabu: tumefurahi kuwa nawe, ukipata nafasi tuandikie maoni yako, nasi ni wadogo yanatusaidia. Tumia karatasi yenye alama ya kupiga picha kwa simu, iwe mezani. Muombe kila mgeni, siyo yule aliyefurahi peke yake, kwani kuchagua hivyo nako Google hawaruhusu. Mgeni mmoja kwa wiki akiandika, mwaka ukiisha una hamsini zako za halali. Haba na haba hujaza kibaba, sisi wa hisa tunaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

MAONI MABAYA NA FUNGUO ZA AKAUNTI

Maoni mabaya yatakuja. Tusilie. Tuyasome kwa utulivu, tulale nayo usiku mmoja, tujibu asubuhi. Ukijibu usiku kwa hasira, jibu lako litasomwa na watu wa dunia nzima miaka mingi.

Mengine yanatuambia kweli. Wageni wengi wanalalamika kwamba bei haikuandikwa, wakaambiwa bei moja na kulipishwa nyengine. Dawa yake ni kibao cha bei. Mwengine atalalamika kuwa aliamshwa na adhana ya alfajiri. Hilo hatuwezi kulibadilisha wala hatutaki, lakini tunaweza kuandika mapema kwenye ukurasa kwamba nyumba iko karibu na msikiti na adhana husikika. Anayetaka usingizi mrefu achague pengine, na anayependa atakuja kwa sababu hiyo hiyo. Jibu liwe fupi: tunakushukuru, tumesikia kuhusu maji, tumeweka tangi, karibu tena. Usimtaje mgeni siri zake. Na kama maoni ni matusi, au ni ya biashara nyengine iliyokosewa, usigombane, iripoti kwa mtandao wenyewe na ungoje.

Kuna na picha. Wageni wanapenda kutupiga picha tukiwa jikoni au mwanini, kisha wanazibandika kwenye maoni. Mwanachama asiyetaka aseme mapema, na kibao kidogo cha kuomba ruhusa kiwekwe. Picha iliyokwisha kubandikwa inaweza kuripotiwa. Heshima ya mama haiuzwi kwa nyota tano.

La mwisho katika haya ni kubwa kuliko yote. Mwenzetu mmoja alifunguliwa ukurasa na kijana wa jirani, kwa barua pepe ya kijana mwenyewe. Ukurasa ukapata maoni mengi mazuri. Kijana akapata kazi Maskati, akaondoka na neno la siri. Mama kahama kichochoro, ramani bado inawapeleka wageni nyumba ya zamani, na hana uwezo wa kubadilisha kitu. Maoni ya miaka mitatu yako kwa mtu mwengine. Google wana njia ya kuudai ukurasa, lakini ni safari ndefu kwa asiyejua kusoma maelezo yao.

Kina mama, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Hatujawahi hata siku moja kumpa mtu mmoja funguo zote, hata akiwa mtoto wetu wa kumzaa. Basi kwa nini tumpe mtu mmoja ufunguo wa jina letu? Akaunti iwe kwa barua pepe ya mwenye biashara na namba ya simu yake mwenyewe. Kijana apewe ruhusa ya kusaidia tu, ambayo siku akiondoka unaiondosha. Neno la siri liandikwe kwenye daftari, daftari likae ndani ya sanduku.

TUNAYOYAKUSUDIA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ili maneno haya yasiishie ukumbini, tumekusudia yafuatayo katika mwaka wa 11.

Kwanza, kila mwanachama mwenye biashara ya wageni atajaza kwenye daftari la kikundi mtandao wake wa kwanza na wa pili.

Pili, kila Jumamosi baada ya mkutano, mabinti zetu waliomaliza skuli watakaa na kina mama kurekebisha ramani, saa, picha na kuhamisha akaunti kwa wenyewe. Watalipwa kidogo kutoka mfuko wa jamii, kwani kazi ni kazi.

Tatu, mara moja kwa mwezi tutasoma kwa sauti maoni yetu, mazuri na mabaya, mbele ya wote. Mwenye lawama ya maji leo ndiye mwenye haki ya kwanza ya mkopo wa tangi kesho.

Nne, hatutanunua nyota, wala hatutamuandikia mwenzetu sifa za chakula tusichokila.

Ombi letu kwenu mnaotuunga mkono ni dogo. Tunaomba mafunzo ya siku chache kuhusu leseni na usajili, kwani wako kina mama wenye kazi nzuri lakini hawajui waanzie ofisi gani, na bila ya karatasi hizo mitandao mingine haiwapokei. Tunaomba pia simu mbili nzuri za kikundi kwa ajili ya picha. Hatuombi kubebwa.

Mwisho kabisa, nawashukuru nyote kwa kuja kwenu, nawashukuru waume zetu waliokubali Jumamosi zetu zote hizi, nawashukuru mabinti waliopika tangu alfajiri. Chakula kiko tayari uani. Mgeni atakayefurahi, tafadhali aandike, na atakayekuta chumvi imezidi, naye aandike vile vile.